Kidole Changu na Karatasi Yako

Masika,

Wewe mutoto, hata haya hauna? Miezi kumi na moja haujakanyaga mulango huu, na siku uliyokuja, wiki hii, ukaacha gari linanguruma pale nje kama vile umekuja kuchukua kitu ulichosahau. Umekunywa nusu kikombe. Nusu ile nyingine niliimaliza mimi, maana sikulelewa kumwaga chai. Kutoka Himbi mpaka hapa Kyeshero, humu humu Goma, mutu hajamaliza kutafuna muhindi mumoja amefika. Umekaa Himbi siku ine, katika nyumba ya wageni ya biro, ofisi yenu, na masanduku yako na simu zako mbili, ukaona Koko, mama wa baba yako, anaweza kungojea. Koko amengojea. Koko ana safari gani?

Kesho asubuhi unavuka bariere ya mupaka, unaenda kuchukua ndege Kigali. Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule. Mama yako ameyasema yote, mara tatu tatu. Una miaka thelathini na miwili, na mutu wa miaka hiyo asiyejua kufunga sweta, baridi yenyewe itamufundisha.

Anayeandika ni Mama Zawadi, sekretere wa baba yako tangu kabine yao ya maavoka, watetezi wa kesi, ilikuwa meza moja na viti viwili. Unajua mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemuambia aandike vile ninavyosema, asiyanyooshe maneno yangu kama anavyonyoosha barua za wateja. Ameguna. Andika pia kwamba umeguna, Zawadi.

Sasa sikiliza. Siku ile nilikuuliza neno moja tu.

"Hiyo karatasi unayoifuata Bruseli inasema nini?"

"Karatasi gani, Koko?"

"Masika, usinifanye mujinga. Zawadi ananiambia kila kitu."

Ukaangalia simu yako. "Ni mambo ya asosie, wenzangu wenye kabine, Koko. Kuna nyumba kubwa ya maavoka kule Ulaya, inataka tuingie ndani yake. Wengine ine wamekubali. Imebaki sinyatire yangu, nitie mukono kwa sehemu aliyoniachia baba. Wamenipa mpaka Pasaka."

"Nimesikia. Lakini inasema nini?"

Ukasema, "Koko, ni ngumu kueleza kwa Kiswahili."

Ukaweka kikombe, ukanibusu hapa kwenye paji la uso, ukaenda. Neno hilo limenikaa kooni kama mufupa wa samaki. Nimekunywa maji, nimekula bugali, halishuki. Njo maana nimemuita Zawadi na kalamu yake. Baba yako, katika miaka yote ile, hakusema neno hilo hata siku moja. Alikataa kulisema. Na sababu ya kulikataa ni mimi, ni kidole changu hiki cha mukono wa kuume. Habari hiyo umeisikia vipande vipande. Nataka uisikie nzima kutoka kwangu, maana nimechoka, na sijui mwaka ujao nitakuwa na pumzi ya kuisema.

Siku mulima ulipotema moto na mawe yakapita katikati ya muji, nyumba yetu ilikuwa kule chini, si hapa. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado na joto, soli za kandambili zinashika. Hakuna barabara, hakuna ua wa lupango, hakuna mupaka. Watu walitembea juu ya jiwe jeusi wakisema hapa ni kwangu, hapa ni kwako, kwa kukisia tu. Mimi nilijua kwetu kwa sababu ya ncha ya bati iliyokuwa inachungulia. Jirani yangu wa upande wa kushoto alikuwa Mama Vumilia, mujane, mwenye watoto watatu. Tulikuwa tunaazimana chumvi na moto.

Ikapita kama miezi miwili. Akaja mwanaume mumoja, shati safi, viatu safi, katika muji wote ambao hakuna mwenye viatu safi. Akasema, "Mama, tunaandika majirani wote waliounguliwa, wapate mabashi ya kufunika na sahani." Akanipa karatasi ya Kifaransa. Akanishika kidole yeye mwenyewe, kwa upole kabisa, akakipaka wino, akakibonyeza. Hata aliniambia pole. Nilimushukuru, Masika. Nilimupa na kiti akae.

Karatasi ile ilisema kwamba mimi, jirani, ninashuhudia parseli ya Mama Vumilia, kile kiwanja chake, ilikuwa ya mwanaume yule tangu zamani, na Vumilia alikuwa mupangaji wake tu.

Nilijua siku walipomutoa. Aliletewa polisi, na karatasi, na chini ya karatasi kulikuwa kidole changu, cheusi, kizuri, kimekaa katikati. Vumilia aliniangalia. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alichukua sufuria na watoto, wakaenda kulala kambi ya Mugunga pamoja na wakimbizi wa vita, yeye ambaye hakukimbia vita, aliyekimbizwa na jirani yake.

Baba yako alikuwa avoka kijana, anabeba mafaili ya avoka mwingine mukubwa. Aliposikia, alichukua kesi ya Vumilia bila kuniuliza. Mutoto wangu wa kwanza, niliyemubeba mugongoni kutoka Butembo, akanisimamisha kwenye tribunali mbele ya watu.

"Mama, hiki kidole ni cha nani?"

"Ni changu."

"Karatasi inasema nini?"

"Inaomba mabashi na sahani."

"Uliisoma?"

"Paluku, unanichezea? Si unajua sijui kusoma!"

Watu wakacheka mpaka nyuma kabisa. Juje akagonga meza: "Mama, hapa huyu ni Metre, ni avoka, si Paluku wako."

"Basi Metre anajua sijui kusoma," nikamuambia. "Ananiuliza nini?"

Walicheka tena. Baba yako hakucheka. Jasho lilikuwa linamutiririka. Alitaka juje aone kwamba kidole kilitiwa na mutu ambaye hakujua anatia nini. Juje aliona, nadhani. Lakini alisema kidole ni kidole. Tulishindwa.

Tulirudi kwa miguu juu ya yale mawe. Tulipokaribia nyumbani akasimama. "Mama, kidole chako hakina kosa. Kosa ni la yule aliyekishika."

Nikamuuliza, "Na Vumilia atalala ndani ya neno hilo?"

Wiki ile ile aliacha kazi kwa yule avoka mukubwa, akabeba meza mpaka sebuleni kwangu. Hiyo njo kabine unayoiona leo na vioo vyake. Na mutu wa kwanza aliyemuajiri alikuwa binti mukubwa wa Vumilia, aliyekuwa amemaliza shule ya sekondari pale Mugunga akiandika juu ya magoti. Ndiyo, Zawadi huyu. Usilie juu ya karatasi, wino utatoka.

Aliweka sheria moja, hata kabla ya kuweka kufuli. Hakuna mutu atakayetia mukono wala kidole katika nyumba hii kabla ya kusomewa karatasi mara mbili kwa lugha ya mamake, halafu yeye mwenyewe airudilie kwa maneno yake, avoka akae kimya asikilize. Kama mutu ameshindwa kurudilia, kalamu inaondoka mezani. Waliita hivyo hivyo: kurudilia. Na baba yako alipoandika kontra mpya, mapatano ya wateja, aliijaribu kwangu kwanza. Nachambua majani ya sombe, yeye anasoma, mimi narudilia. Nikikwama, anasema, "Hapo pabaya, Mama, hapo nimeandika kwa ajili ya maavoka." Anaenda kuandika upya.

Maavoka wenzake walimucheka. Walisema Paluku amefungua shule ya wazee. Basi akaja Papa Kasereka wa Butembo, muchuuzi wa vitenge na vipande vya pikipiki, na kontra yake ya Dubai ya Kiingereza. Alikuwa ameshatia mukono kontra kama hizo kumi. Baba yako akamusomea kwa Kinande, mara mbili, akamuambia rudilia. Muzee akaanza vizuri, akafika katikati, akasimama na mudomo wazi.

"Ngoja. Wanasema kontena ikizama majini, hasara ni yangu?"

"Njo wanavyosema, Papa."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Alivua kofia, akajipepea. "Nipe simu," akasema. Alipiga Dubai kutoka kiti changu kile kilichovunjika muguu, akapiga kelele kwa Kiswahili na mutu asiyejua Kiswahili, mpaka Zawadi akamunyang'anya simu akaongea yeye. Waliibadilisha kontra. Wiki iliyofuata kulikuwa na wachuuzi saba kwenye baraza yangu, wanakula ndizi zangu.

Hivyo njo kabine ilikua. Wanaoandika kwamba baba yako alikuwa na maono makubwa, waache. Alifuata mizigo. Mizigo ya wateja ilikwama Kampala, akaweka mutu Kampala. Ikakwama Mombasa, akaweka biro Nairobi, karibu na wanaoamua ya Mombasa. Akaenda Dubai mwenyewe, akalala kwenye chumba cha wachuuzi, watu sita. Mwisho Bruseli, kwa sababu ya kahawa, maana wanunuzi walikuwa kule na wanawake wa kahawa walikuwa huku, na karatasi ilikuwa inasafiri peke yake katikati. Na kila biro, hata ile ya Ulaya yenye lifti, ilikuwa na sheria ya sebule yangu. Kule Dubai wanarudilia kwa Kiarabu. Nilicheka sana niliposikia.

Wakati huo akaja muzungu mumoja, wa nyumba kubwa ya maavoka ya Ulaya. Si hao wa sasa, nyumba nyingine, lakini maneno ni ya aina moja. Baba yako akamuleta hapa hapa Kyeshero, tai shingoni, jua la saa saba. "Mama, musikilize huyu. Ukiweza kurudilia, nitafikiri." Muzungu alisema saa nzima, baba yako anatafsiri, haongezi, hapunguzi. Mimi nikarudilia: "Kumbe unataka tuvunje ukuta kati ya nyumba yetu na yenu. Sisi tuhamie kwenu na vyombo vyetu. Jina letu litoke mulangoni. Na ufunguo ubaki mufukoni mwako."

Baba yako akatafsiri. Muzungu akaangalia viatu vyake, halafu akacheka kicheko cha kweli. "Karibu hivyo, Mama." Alikula sombe, akaomba nyongeza, akaondoka na karatasi yake nyeupe vile vile. Baba yako akasema tutabaki endepanda, tujitegemee wenyewe. Neno hilo nililijua, maana nilikuwa mutoto mudogo siku ya uhuru, tulipocheza Dipanda barabarani mpaka vumbi likatuziba macho, na hakuna hata mumoja wetu aliyeweza kurudilia Dipanda ni nini.

Watu wanaishia hapo wanaposimulia, wanapiga makofi. Mimi siishii hapo. Kuna sehemu inayoniamsha.

Endepanda maana yake ni kwamba hakuna mukubwa wa kukushika ukianguka. Baba yako alibeba miji mitano mugongoni. Na mimi, Masika, mimi niliongeza mizigo. Kila Jumapili baada ya misa nilisimama pale kwenye ngazi za kanisa nikiwahesabia wamama: sasa wako Kampala, sasa wako Dubai, sasa wako Ulaya. Kama rozari. Akipiga simu, neno langu la kwanza lilikuwa "uko muji gani?" Nilimuuliza muji. Sikumuuliza kama amelala. Mwaka juzi, mwezi mumoja kabla hajaanguka na kufa kule Kampala, alikaa kwenye kiti hicho akaniambia, "Mama, pengine tungemukubalia yule muzungu." Nikamuambia, "Nyamaza, wewe ni simba." Simba! Mutu anakuambia amechoka, wewe unamuambia ni munyama.

Kwa hiyo usidhani ninaandika ili kukukataza. Pengine siku ile nilirudilia kwa ulimi mukali mno. Pengine ningesema kwa upole, mutoto wangu angekuwa hapa, muzima, anahangaika na kitambi chake. Sijui. Nimelitafuta jibu na sijalipata, na wewe usijifanye unalo.

Kosa langu lingine ni la miguu. Miaka sita sikwenda Mugunga. Nilituma maharagwe, nilituma makala ya kupikia, nilituma vitenge kwa mukono wa Zawadi, mimi mwenyewe sikwenda. Niliogopa macho ya Vumilia. Baba yako alinichukua siku moja kwa gari, akaniambia tunaenda kuona parseli, akaniteremsha mbele ya kibanda chake. Vumilia alikuwa anapepeta. Hakusimama. Aliniangalia kutoka chini mpaka juu.

"Kidole chako kinaendeleaje?" akaniuliza.

Nikasema, "Kinaniuma."

"Vizuri," akasema. "Kaa."

Nilikaa. Hatukusema mambo ya parseli mpaka jioni, na tulipoyasema hayakuchukua hata dakika kumi. Miaka sita ya maharagwe, na kazi ilikuwa ya dakika kumi. Sasa anaishi chumba cha nyuma, hapa kwangu, unamujua kama Koko Vumi anayekunyima sukari. Kambi ilipovunjwa hakuwa na pengine pa kwenda, na mimi sikutaka aende pengine. Bado ananiuliza habari za kidole akikasirika.

Zawadi ananiambia asosie wako wanasema Goma ni mulango uliofungwa. Ni kweli, tangu vita hivi benki zimefungwa, ndege hazishuki, wachuuzi wengine wamehamia ng'ambo. Ati biro ya hapa haina kazi tena, na ile nyumba kubwa haitaichukua. Wewe ulipita mbele ya ile biro siku ine. Uliona nani kwenye benchi? Mimi nakuambia. Mama mwenye karatasi ya nyumba iliyouzwa wakati yuko mbioni. Kijana wa kahawa ambaye kontra yake iko Bruseli na kahawa yake iko Sake. Wanakaa. Zawadi anawasomea, wanarudilia. Kazi ipo, mama. Ni nyepesi kwenye mizani, lakini ipo. Kama hiyo karatasi yako inafunga mulango huo, basi iseme hivyo, kwa maneno ambayo mwanamuke wa lile benchi anaweza kusikia. Na kama inaufungua, iseme pia. Mimi sitaki kukuchagulia. Nataka tu usinifanye kama alivyonifanya yule wa viatu safi.

Najua umekasirika hapo. Kasirika. Wewe si mwizi, nakujua, nilikuogesha. Lakini yeye pia aliniambia pole. Aliyekushika mukono kwa upole na aliyekushika kwa nguvu, wino ni ule ule. Hao asosie ine, je, wameirudilia wenyewe? Au kila mumoja alimuangalia mwenzake akafikiri yule ameelewa? Waulize. Uliza kijinga, kama mimi. Baba yako alikuwa anasema wajinga wa sebule yangu ndio waliomusomesha.

Na wewe, Masika, ulivyosema ni ngumu kueleza kwa Kiswahili, nilikuona macho. Hayakuwa macho ya mutu anayeficha. Yalikuwa macho yangu, siku nilipomupa kiti yule wa viatu safi. Unataka kuwashukuru. Umechoka na hii nyumba kabla hata haujaibeba, na watu wenye shati safi wamekuja kukuambia weka chini. Ninakuelewa kuliko unavyofikiri. Ukiamua kuweka chini, weka. Sitakulaani, na anayesema nitakulaani hanijui. Lakini uweke ukijua unaweka nini, na wapi, na nani alikuwa amekaa juu yake.

Zawadi amenisomea barua hii yote mara mbili. Nimeirudilia. Vumilia alikuwa mulangoni anasikiliza, amesema nimeruka sehemu ya maharagwe, nikairudia. Kwa hiyo hapa chini kuna kidole changu. Ni cha kwanza tangu ile siku. Hata kwa kadi ya uchaguzi nilikuwa nawasumbua mpaka wanachoka, wananiandika bila kidole.

Ukija tena, uje kabla ya Pasaka, na hiyo karatasi ikiwa bado nyeupe pale chini. Zima gari. Usilete chokoleti, Vumilia ataimaliza. Lete karatasi, uiweke mezani, unisomee kwa Kiswahili mara mbili, mimi nichambue sombe nikisikiliza. Nikiweza kuirudilia, nitakupa kalamu mwenyewe. Nikikwama, kalamu inaondoka mezani, na safari hii kikombe unakimaliza chote.

Koko wako